Programu nyepesi au nzito ya kuhariri picha? Anza na kazi inayokushinda

Kijana mmoja aliingia kwenye steshenari yangu, laptopu begani, flashi mkononi. "Kaka, naomba unifungie Photoshop."

"Ya kazi gani?"

"Ya kuedit tu."

"Kuedit nini?"

"Viatu."

Anauza viatu vya mtumba, na picha anazirusha kwenye status ya WhatsApp na Instagram. Laptopu yake ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski iliyojaa nyimbo hadi mlangoni. Nikamwambia aiweke pembeni, anionyeshe hizo picha kwenye simu. Viatu vilikuwa vizuri, ila alikuwa amevipiga usiku, chini ya taa ya njano, juu ya shuka la maua. Rangi tuliinyoosha kwa Snapseed, programu nyepesi ya simu, dakika nne. Shuka halikuhitaji programu yoyote: alinunua karatasi nyeupe ya manila hapo hapo kwangu, na kesho yake asubuhi akavipiga upya mlangoni kwake. Laptopu iliondoka kama ilivyokuja.

Wiki hiyo hiyo akaja mama mmoja na picha ya marehemu baba yake. Imechanika katikati, mkunjo umepita juu ya jicho, kona moja imeliwa na maji. Hakutaja programu hata moja. Lakini kazi yake ndiyo iliyotaka programu nzito, na ilinila jioni mbili.

Watu wengi huanza kwa kutaja jina la programu, kisha ndipo watafute kazi ya kuipa. Hatua ninazoziandika hapa zinakwenda upande wa pili: kazi kwanza, mashine baadaye, programu mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Andika picha inakwenda wapi

Chukua karatasi. Usiandike "biashara" wala "mitandaoni". Andika kama unavyomwelekeza bodaboda, mpaka mlangoni. Status. Instagram. Albamu ya harusi. Fremu ya ukutani. Picha ya pasipoti. Bango la duka.

Kila mahali pana kipimo chake, na kipimo hicho ndicho kinachokuambia kama unahitaji programu kubwa. Instagram hutumia picha yenye upana wa pikseli 1,080 (pikseli ni zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha). Simu yoyote ya leo inapiga kubwa kuliko hiyo. Picha ya kuchapa kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1,200 kwa 1,800 ukihesabu nukta 300 kwa kila inchi, ambazo hazifiki hata megapikseli (yaani pikseli milioni) mbili na nusu. Karatasi ya A4 inataka pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu megapikseli 9.

Hesabu hii inaokoa ugomvi. Mteja analeta picha aliyotumiwa kwa WhatsApp, anataka A4 ya kuweka kwenye fremu. Picha imebanwa njiani, upande mrefu umebaki na pikseli 1,600. Gawanya kwa 300: unapata inchi tano na kidogo, na A4 ina urefu wa karibu inchi 12. Ukiivuta itatoka na chenga, na hakuna programu ya bure wala ya kulipia itakayorudisha kilichotupwa njiani. Dawa ni kumpigia aliyeituma, umwombe aitume tena kama dokumenti. Nimeona watu wakitafuta programu ya kuondoa chenga siku nzima huku picha nzima imelala kwenye simu ya shemeji.

Pasipoti ni kazi ya kipekee kidogo. Ofisi nyingi hutaka milimita 35 kwa 45 (nyingine hutaka vinginevyo, kwa hiyo soma fomu kwanza). Kwa nukta 300 hiyo ni pikseli 413 kwa 531, na karatasi moja ya inchi 4 kwa 6 inabeba picha nane. Kazi yenyewe ni rahisi, lakini programu nyingi nyepesi za simu hazikuruhusu kukata kwa milimita. Hapo programu nzito inaingia kwa ajili ya rula yake tu.

Hatua ya 2: Jiulize kama unasafisha au unaunda

Hapa ndipo watu hupotea, nami nilipotea muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wazee wa studio walikuwa na kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ile iliyofanyika chumba cha giza: filamu inasafishwa, picha inaongezewa au kupunguziwa mwanga, basi. Picha ni ile ile, imetoka vizuri. Ya pili ilifanyika mezani, kwa brashi nyembamba na wino: kufuta kovu, kuziba mkwaruzo, kukata mtu kwenye picha hii na kumpachika kwenye ile. Kompyuta haikuzifuta kazi hizi mbili, ila imezigawia programu tofauti.

Programu za kusafisha zinashughulikia mwanga, rangi, kingo na ukali wa picha. Nyepesi ni Snapseed, au kile kihariri kilichomo ndani ya galari ya simu yako. Nzito ni Lightroom, iliyotoka mwaka 2007, na Darktable, iliyoanza 2009 na ni ya bure kabisa. Darktable na Lightroom haziigusi picha yako ya asili. Zinaandika maelekezo pembeni, "ongeza mwanga hivi, punguza njano vile", na kutoa nakala mpya unapoomba.

Programu za kuunda zinashughulikia pikseli moja moja na leya, yaani tabaka za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine kama chapati. Photoshop ndiyo iliyobeba jina tangu 1990, mpaka watu wanasema "hiyo imepigwa photoshop" hata kama imetengenezwa kwa kitu kingine. GIMP ni ya bure; ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari bila kufunga chochote, na sura yake inafanana sana na Photoshop.

Sasa ona: uzito na wepesi ni jambo moja, kusafisha na kuunda ni jambo lingine. Mtu anasema "Snapseed imenishinda, nataka Photoshop," kumbe kilichomshinda ni wingi wa picha, na dawa ya wingi ni Darktable au Lightroom.

Mimi nilijifunza kwa harusi moja ya picha 600. Nilikuwa najua programu ya leya pekee, nikajivunia. Nikafungua picha moja moja: mwanga, rangi, hifadhi, funga, fungua nyingine. Dakika sita kila moja. Picha 600 mara dakika sita ni saa 60, na hapo hujahesabu umeme kukatika. Maharusi walirudi fungate, wakaanza kazi, mimi bado niko kwenye picha za kanisani. Bwana harusi alikuwa mpole. Mama yake hakuwa.

Harusi iliyofuata niliifanya kwa Darktable. Nilizigawa picha kwa mwanga, si kwa saa: kanisani, nje chini ya mwembe, ukumbini kwenye taa za rangi. Kila fungu nikatengeneza picha moja vizuri, nikanakili maelekezo yake, nikayabandika kwenye nyingine zote za fungu lile, kisha nikapita kusahihisha zilizokataa. Siku moja na nusu. Programu hiyo si rahisi, siku za mwanzo nilitamani kuifuta. Ila ndiyo iliyokuwa programu ya kazi ile.

Hatua ya 3: Pima mashine, bando na mfuko

Programu nzito inakula RAM kwa hesabu ambayo unaweza kuipiga mwenyewe. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 24, kila pikseli ina namba tatu (nyekundu, kijani, bluu), kila namba baiti moja. Leya moja ni MB 72. Weka leya tano, umefika MB 360 kabla programu haijahesabu chakula chake yenyewe, wala Windows, wala kivinjari chenye vichupo 20 ambavyo hutaki kuvifunga. Darktable hukokotoa kwa namba kubwa zaidi, biti 32, kwa hiyo kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro utasubiri kila unapogusa kitu.

Kwa uzoefu wangu mgawanyo ni huu. RAM ya GB 4: baki kwenye simu, au tumia GIMP kwa picha moja moja. GB 8: GIMP na Darktable zinatembea bila kukutukana. Photoshop ya sasa inataka angalau GB 8 na inapendekeza 16, pamoja na nafasi ya GB 10 kwenye diski. Kamera ikipiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika wala kulipunguza, kila faili ni kama MB 25, na harusi ya picha elfu moja ni GB 25. Kwa hiyo diski ya nje iwe kwenye bajeti kabla hujafikiria programu.

Bando. GIMP na Darktable unazipakua mara moja, ukapakulie penye intaneti nzuri, kisha unafanya kazi miaka bila mtandao. Photopea inataka mtandao ili ifunguke, ingawa picha yako inashughulikiwa ndani ya kompyuta yako bila kupelekwa kwenye seva zao. Canva, programu ya kupanga matangazo yenye picha na maneno, inaishi mtandaoni. Bando likikata, umekatika nalo.

Mfuko. Photoshop na Lightroom, zote za kampuni ya Adobe, siku hizi huuzwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, si kwa nakala ya kununua mara moja. Utahitaji kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, na ukisahau kulipa, programu inafunga mlango. Kwa mwenye wateja wanaolipa hilo si tatizo, ni gharama kama kodi ya fremu ya duka. Kwa anayejifunza, ni fedha inayotoka kabla ya fedha kuingia. Siku hizi kuna pia Affinity, ambayo Canva iliinunua mwaka 2024 na tangu mwishoni mwa 2025 inaitoa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Ni nzito na nzuri, kama mashine yako inaibeba.

Kuhusu Photoshop ya crack, ile iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, nitasema kifupi. Maelekezo ya kuifunga huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi. Umempa ufunguo mtu usiyemjua kwenye mashine ile ile unayofungulia barua pepe na benki. Siifungi kwa mtu, na kijana wa viatu si wa kwanza kuninunia.

Hatua ya 4: Maliza nyepesi kwanza

Simaanishi uifungue, uguse vichujio vitatu, uchoke. Ifikishe mwisho wa uwezo wake. Nachukulia Snapseed kwa sababu ni ya bure, haina matangazo, haitaki akaunti na inafanya kazi bila bando. Google iliinunua mwaka 2012 na iko kwenye Android na iPhone.

Anza kabla ya programu: futa lenzi kwa pindo la kanga. Nusu ya picha "zenye ukungu" ninazoletewa ni mafuta ya vidole.

Kisha rangi. Ukipiga bidhaa ndani, taa ya njano inapaka kila kitu njano na taa ya tyubu inaweza kuleta kijani. Weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa kwenye picha ya kwanza. Ndani ya Snapseed fungua sehemu ya White Balance, chagua alama ya kitonesho, kisogeze mpaka juu ya karatasi. Programu inajua sasa nyeupe ni ipi na inanyoosha nyingine zote. Picha zinazofuata, zilizopigwa mahali pale pale kwa taa ile ile bila karatasi, zipe marekebisho yale yale kwa kuchagua Last Edits kwenye orodha ya mitindo. Kwa muuza vitenge hatua hii ni pesa taslimu, kwa sababu mteja anayepokea kitenge cha rangi nyingine hatakulaumu kwa upole.

Kitenge kina mtego mwingine. Mkono unawasha kuongeza ukolezi wa rangi ili kiwake. Picha ya JPEG, lile faili la kawaida la picha za simu, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Nyekundu ya kitenge tayari iko juu. Ukiisukuma inagonga 255 kila mahali, na pale palipokuwa na mikunjo na nakshi panabaki doa moja jekundu. Sogeza kidogo, kuza picha, tazama mkunjo. Ukipotea, rudisha.

Ngozi zetu zinataka subira zaidi. Kamera inapopima mwanga hudhani eneo lote, kwa wastani, ni la kijivu cha katikati. Bibi harusi akijaa kwenye fremu na gauni jeupe, kamera inashusha mwanga, na uso mweusi unazama. Bwana harusi na suti nyeusi wakijaa, inapandisha, gauni linaungua. Kosa la kawaida ni kuongeza mwangaza wa picha nzima: uso unaonekana, gauni linakuwa shuka lisilo na lesi. Ongeza vivuli peke yake kwanza. Kama haitoshi, tumia kifaa kiitwacho Selective: gusa uso, nukta inakaa, bana au tanua kwa vidole viwili mpaka eneo litoshe uso tu, kisha telezesha kuongeza mwanga. Kila uso nukta yake. Tafadhali usikimbilie kile kichujio cha urembo ambacho simu nyingi hukiwasha zenyewe. Kinang'arisha ngozi na kulainisha vinyweleo, na bibi harusi anatoka na uso wa mtu mwingine juu ya shingo yake mwenyewe.

(Tatizo hili ni la zamani. Enzi za filamu maabara nyingi zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo.)

Mwisho kata kingo, nyoosha upeo wa macho, hifadhi kama nakala mpya. Ukifanya hivi kwa wiki mbili, kila siku picha chache, utakuwa umeijua programu nyepesi kuliko watu wengi wanavyozijua nzito walizozilipia.

Hatua ya 5: Tambua ukuta, uupe jina

Huhami kwa sababu umechoka sura ya programu, wala kwa sababu jirani anatumia kubwa. Unahama siku unapoweza kusema kwa sentensi moja kitu ambacho programu yako haikifanyi. Sikiliza tofauti. "Nataka picha kali zaidi" si ukuta. "Nina picha 300 za mwanga mmoja na siwezi kuzirekebisha pamoja" ni ukuta, na umeelekeza wenyewe kwenye Darktable au Lightroom.

Kuta nilizozoea kuziona kwa wateja ni hizi. Kuandika maneno na bei juu ya picha, kwa mpangilio wa tangazo: Canva inatosha, usijitese. Kukata mtu au kitu kutoka kwenye mandhari yake, nywele zikiwemo: leya na maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya leya bila kuifuta), kwa hiyo GIMP, Photopea au Photoshop. Kufunga kidoa kimoja au chunusi: Snapseed ina kifaa cha kuponya, kinatosha. Lakini mpasuko unaopita juu ya jicho, kama ile picha ya yule mama, kinauharibu, kwa sababu kinakisia chenyewe kipande cha kujazia na hakijui jicho ni nini. Kwenye GIMP nilichukua leya mpya, nikanakili jicho zima la upande wa pili, nikaligeuza, nikalipunguza na kulizungusha mpaka likakaa, kisha nikafuta kingo zake taratibu kwa maski. Ngozi ya shavu nilipachika vipande vidogo vidogo, kila kimoja kutoka karibu na jeraha lake. Kila nilipokosea nilifuta leya ile moja, na picha ya chini haikuguswa. Hiyo ndiyo faida ya leya, na ndiyo inayolipia ugumu wote.

Kuna ukuta wa kupeleka kazi kwa mchapaji. Baadhi ya wachapaji wa vitabu na magazeti hutaka faili la rangi nne za wino badala ya rangi tatu za kioo. Photoshop imezoea kazi hiyo. Ukiwa hujawahi kuombwa faili la aina hiyo, usilitumie kama sababu.

Yule kijana wa viatu alirudi baada ya miezi kadhaa. Safari hii hakutaja Photoshop. "Kaka, nina jozi 40 kila wiki, wateja wa jumla wanataka background nyeupe tupu, na kukata kwa kidole kwenye simu kunanimaliza." Huo ni ukuta wenye jina, idadi na sababu. Tulikaa na Photopea kwenye kompyuta yangu, tukatumia kifaa cha kuchagua kwa rangi, kwa kuwa manila ilikuwa tayari nyeupe na kiatu kilijitenga chenyewe. Jozi ya kwanza dakika kumi, ya kumi dakika mbili.

Hatua ya 6: Jaribu kwa picha kumi zako, si za mafunzo

Video za YouTube huonyesha picha iliyochaguliwa ili programu ing'are. Wewe chukua picha kumi zako, mbaya kwa nzuri: moja ya usiku, moja ya kundi, moja ya kinyume na jua, moja ya bidhaa, na zile unazozipata kila siku. Nakili folda hiyo mara mbili. Zihariri zote kumi kwa programu unayoijua, saa ikiwa mezani. Kesho yake, kwa programu mpya, baada ya kujifunza mambo mawili matatu tu ya msingi.

Muda wa siku ya kwanza kwenye programu nzito utakuwa wa kukatisha tamaa, usiuhesabu. Rudia siku ya tano. Kisha mpe mtu asiyejua picha azitazame kwenye simu yake, maana ndiko zitakakoonekana, na umwulize zipi ni zipi. Asipoweza kutofautisha na muda haujapungua, programu nzito haijakupa kitu kwa kazi hiyo. Mara moja nilifanya jaribio hili na binti anayenisaidia dukani. Kati ya picha kumi alichagua nane za simu kuwa ndizo "za kompyuta." Mbili alizozipatia zilikuwa za kinyume na jua, zilizopigwa kwa RAW. Hapo programu nzito ilinishindia kweli, kwani faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384 kwa kila rangi mahali ambapo JPEG ina 256, na kwenye vivuli vya uso ndimo zilimofichwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuhama ni pia hili: kamera yako inakupa RAW? Kama unapiga JPEG za simu na utaendelea nazo, sehemu kubwa ya nguvu za Lightroom na Darktable itakaa bure.

Hatua ya 7: Hama bila kuvunja daraja

Ukishaamua kwenda kwenye nzito, usiiondoe nyepesi. Mimi mpaka leo picha za status nazimaliza kwenye simu, nikiwa foleni ya mwendokasi.

Jifunze vifaa vitano tu kwa mwezi wa kwanza. Kwenye GIMP ningeanza na kukata, leya, maski, kunakili kipande, na Curves, ule mstari unaoupinda ili kuongeza au kupunguza mwanga. Menyu nyingine ziache zilale. Ukiweza, pata toleo la 3 lililotoka Machi 2025, maana tangu hapo vichujio vingi vinaweza kubadilishwa baadaye bila kuharibu picha ya chini. Matoleo ya nyuma yalikuwa yanachoma moja kwa moja.

Na faili. Kazi ya GIMP ihifadhi kama XCF, ya Photoshop kama PSD, ili leya zibaki. JPEG iwe ya kumpelekea mteja tu. Kila unapofungua JPEG, ukabadili na kuihifadhi tena kama JPEG, inapoteza kidogo, na baada ya mizunguko mingi unaona miraba kwenye anga na kwenye mashavu. Darktable huweka maelekezo yake kwenye vifaili vyenye jina la picha na mkia wa XMP. Vinaonekana kama takataka. Msaidizi wangu mmoja aliwahi "kusafisha" folda, akafuta vyote 600 na kuacha picha, siku tuliyokuwa tunahamia kompyuta nyingine. Picha zilikuwa salama, ila kwenye kompyuta mpya kazi ya siku moja na nusu haikuonekana. Siku hizi folda ya kila mteja naipa tarehe na jina, ndani yake vifolda vitatu: asili, kazi, za mteja. Folda ya asili inanakiliwa kwenye diski ya nje jioni ile ile, kabla sijafungua programu yoyote.